Nusu ya Jioni

Jumatatu, 3 Machi
Kiuno tena. Mteja wa kwanza nilianza kumnyoa nimesimama wima, nikammalizia nimeegemea bega lake. Akaniuliza kama nimelewa. Natamani ingekuwa hivyo!

Jioni kwa daktari. Amenibadilishia dawa. Vidonge vipya, vikali zaidi, na ni vidogo kuliko punje ya mahindi. Nikauliza: si ndivyo hivi watu huvizoea wakashindwa kuviacha? Akasema nitoe wasiwasi, nifuate maelekezo. Alikuwa anaandika huku anasema, hakuniangalia.

Jumatano, 5 Machi
Raha jamani! Nimesimama tangu kufungua mpaka kufunga. Hata nimeimba. Mke wangu aliniletea chai dukani, akasimama mlangoni kunisikiliza. Eti sauti ni mbaya lakini amefurahi. Sipati choo tangu juzi. Hilo nalo tutaliona.

Kitu kimoja tu. Nilikuwa nachonga kisogo cha mtu, nikajikuta nimesimama tu, mashine inaunguruma hewani. Sijui ni muda gani. Yeye alikuwa kwenye simu, hakujua.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemharibu Ndevu.

Ndevu ni mteja wangu tangu nifungue duka. Ndevu zenyewe zinamfika kifuani. Kazi yangu ni kumchonga mashavuni na shingoni, kazi yake yeye ni kulala. Akigusa kiti tu, usingizi. Husema mkono wangu unabembeleza kumshinda mama yake. Leo nimempaka povu, nikashika wembe, nikaanza shingoni. Kisha — sijui. Nilishtuka wembe uko kidevuni, ndevu za upande mzima ziko kwenye taulo. Mkono uliendelea bila mimi! Tulikuwa tumelala wote wawili, mmoja kakaa, mwingine kasimama na wembe.

Akaamka. Akajitazama kwenye kioo. Hakunitukana. Aliuliza taratibu: fundi, nimekukosea nini?

Ikabidi nimnyoe na upande wa pili. Kumbe ana kidevu kidogo, maskini. Ndevu zitaota. Lakini wembe ulipita shingoni kwanza, na mimi sikumbuki kabisa. Naogopa.

Jumamosi, 15 Machi
Nimempa mke wangu vidonge vyote avifiche. Nimemwambia: nikiomba, kataa. Nikilia, kataa. Akauliza kama nina hakika, maana ananijua. Nikaapa.

Jumatatu, 17 Machi
Mafua ya ajabu. Pua inachuruzika, napiga miayo bila usingizi, vinyweleo vimesimama, tumbo linaendesha — baada ya ukavu wote ule! Kiuno kinawaka moto. Sijafungua duka.

Nimemwomba. Amekataa. Nikamwita mkatili. Yeye! Akanikumbusha kwamba nilimwagiza mwenyewe. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda akalia, na mimi nikawa nautazama mkoba wake, nawaza kama vimo humo. Aibu gani hii.

Jumanne, 18 Machi
Tumekwenda kwa daktari wote wawili. Kumbe si mafua. Daktari amefoka: nani kaniambia niache ghafla? Mwili ukishazoea, unapunguza kidogo kidogo. Sasa ni nusu kidonge asubuhi, nusu jioni, kisha tutaona. Nikauliza, na kule kusinzia? Akasema nisishike vitu vya hatari kazini.

Mke wangu akanitangulia kujibu: daktari, mume wangu ni kinyozi.

Daktari akaweka kalamu chini. Halafu akashauri nipumzike kazi miezi kadhaa. Akalisema kirahisi tu. Watoto wetu watakula nini? Nisipomeza, sisimami. Nikimeza, nasinzia. Sasa hata sijui maumivu yapi ni ya kiuno na yapi ni ya mwili unaodai vidonge vyake. Nimechoka kuwa mtu wa kuulizwa unaendeleaje.

Alhamisi, 20 Machi
Nimefungua. Najua, najua. Mke wangu hanisemeshi. Kabla ya kwenda sokoni aliniwekea kisosi nyuma ya duka, nusu ya asubuhi na nusu ya jioni. Ya asubuhi nikaimeza palepale, haikunifikisha popote. Wateja wawili waliingia, wakaona ninavyotoa jasho, wakakumbuka wana safari.

Sasa hivi ameingia Ndevu! Kidevu kimeanza kuota vijiti. Anataka kichwa kinyolewe kwa wembe, king'ae, kesho anamwoza binti yake. Nikamwambia siko sawa, aende kwa mwingine. Akasema kichwa chake hakijashikwa na mwingine na hakitaanza leo. Basi nikamwambia ukweli wote, vidonge na kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, fundi. Leo silali," akasema. "Natoa macho kwenye kioo. Ukisinzia tu nakuita."

Akakaa. Ameshika mikono ya kiti, macho kayatoa kama anayengoja kung'olewa jino. Nikampaka povu. Nikainua wembe — mkono unatetemeka! Nikasema ngoja nikaongeze maji ya moto.

Niko nyuma ya pazia. Naandika nimesimama, kukaa kunauma zaidi. Kisosi ni kitupu. Nusu ya jioni nimeshaimeza, na bado ni saa sita mchana. Mkono utatulia muda si mrefu, na baada ya hapo najua kinachofuata. Ningeweza kutoka nikamwambia afute povu aende zake. Nimejaribu kuinua mguu. Birika linachemka. Namsikilizia aniite, aniulize mbona nakawia, nipate pa kuanzia.

Haniiti. Anakoroma.