Gogo Moja Linapotolewa

Katoro, Jumanne

Afadhali wangenifokea, ningepata cha kujibu.

Mwenyekiti wa chama cha wachimbaji, Baba Neema, aliniita kunitambulisha kwa kijana wa Mwanza. Ndiye atakayeendesha mfumo wa kompyuta wa mgao wa mawe ya dhahabu, nilioujenga peke yangu miaka sita. Mshahara wake ni theluthi ya wangu.

"Shikamoo, mama," kijana akaniamkia. "Wa duara jipya wanagawana mawe baada ya kusaga, siyo palepale shimoni kama wengine. Nimebadili sehemu moja tu. Kwingine hakujatikisika."

"Marahaba."

Niliujenga hivyo makusudi. Kila duara, yaani shimo na kundi lake la wachimbaji, lina desturi yake ya mgao, nami kila desturi niliipa mahali pake, isiguse nyingine. Marehemu baba alikuwa anafunga matimba, magogo ya kushikilia dari, mashimoni Bulyanhulu. Alitaka kila gogo liweze kutolewa likioza, na dari ibaki juu.

"Umetujengea vizuri mno, Mama Kulwa," Baba Neema akasema, tena kwa upole. "Hatutakusumbua tena."

Mwanangu Kulwa ameniuliza kama mfumo umekwama, maana nimerudi mapema. Nikamwambia unakwenda. Unakwenda vizuri tu, ila...

Gogo lililotolewa leo ni mimi, na dari haikudondosha hata kokoto.