Flashi ya Bure Kando ya Mto

Faustin rafiki yangu,

Umeme umekatika tena hapa Mangobo, nakuandikia kwa mshumaa. Vita vimesogea mbali kidogo. Toleka, zile baiskeli za abiria, zimeanza tena kubeba watu kwenda Makiso, mjini kati, na kamera yako ninaitumia mimi. Usinune, mama yako ndiye aliyenipa.

Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai.

Unakumbuka usiku ule umeme uliporudi baada ya majuma mengi ya giza? Ulikuja kunigongea mlango: "Toka inje! Muji yote iko inawaka!" Tukapanda baiskeli moja, wewe unakanyaga, mimi nyuma na kamera. Filmu zilikuwa haziingii tena mjini, na kwenye hiyo yetu zilibaki picha tisa tu. Tulipiga picha posta, tukampiga mama mmoja aliyekuwa akichoma samaki, na maduka yaliyofungwa. Kwenye kizuizi askari nao wakataka picha. Tukawapa flashi ya bure, ule ujanja wetu wa kazi: unabonyeza kitufe cha flashi, kamera huigusi. Mwanga unawaka, mtu anafurahi, filmu inabaki. Tulicheka mpaka baiskeli ikayumba.

Tulipofika mtoni ilibaki picha moja. Ukafunga vifungo vya shati, ukasimama ukitazama mbali kama mkubwa wa serikali. "Unipige na miye, mama aone mutoto wake." Lakini mimi nilikuwa nimeshazitamani zile taa za mji zilizometa juu ya maji. Flashi ikawaka. Ukasema, "Merci, ndugu."

Wewe pia nilikupa ya bure, Faustin. Ulipoinama kushika baiskeli, nikaupiga mto.

Nilidhani nitakupiga siku nyingine. Wiki tatu baadaye malaria ikakushika, na njia ya hospitali ilikuwa imefungwa kwa risasi. Kwenye matanga watu walitafuta picha ya kuweka mezani. Sisi tuliopiga harusi na ubatizo wa nusu ya Mangobo, hatukuwa na hata moja yako! Mama yako akanigeukia, maana ulikuwa umeshamwambia kuhusu ile ya mtoni. Nikasema filmu haijasafishwa, dawa za kuisafishia hazipo. Dawa kweli hazikuwepo, ila nilijua kilichomo. Nilimjibu hivyo miezi saba. Majuto ni mjukuu, nawe ulikuwa ukinicheka kwamba hata mtoto sina.

Juzi dawa zilifika. Mto umetoka vizuri sana. Hakuna mtu.

Nikampelekea mama yako. Nikamweleza yote. Aliiweka picha mapajani. Nilingoja anifukuze, na ningeona ni haki yangu.

"Bon," akasema. "Wewe ulimuangalia. Alikuwa anavaa nini?"

Nikamwambia shati la kijani, lile la Krismasi.

"Na mukono?"

Mmoja mfukoni. Kidevu juu. Kicheko umekibana mdomoni, kinataka kutoka.

Mama yako alikuwa amefumba macho. Nilipomaliza, akaniomba nianze tena, polepole.

Lala salama, ndugu yangu, na unisamehe. Kesho nitarudi kwake, na kila siku atakayoniita nitakwenda. Sitakupamba, wala sitakupunguza. Nitamwambia jinsi ulivyosimama pale, ukiamini kwamba ninakupiga.