Baba Anapaliwa na Chai, Nami Nimefeli Mtihani wa Koo

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana hata mimi nikiisoma barua hii nashindwa kujizuia na jambo lenyewe si la kuchekesha. Mimi ni binti wa miaka ishirini na miwili, niko mwaka wa pili wa masomo ya tiba ya usemi, yaani tunafundishwa kuwasaidia watu waliopoteza maneno, wenye kigugumizi, watoto waliochelewa kusema, na vilevile watu wanaoshindwa kumeza, kwa sababu ulimi na koo tunavyosemea ndivyo hivyohivyo tunavyomezea, na ndiyo maana muhula mzima tumesoma muundo wa mwili na kazi zake kuanzia puani mpaka mapafuni, kila msuli, kila mfupa, kila mshipa wa fahamu, na mimi, mshauri, nilivipenda vitu hivyo mpaka vikanitia kiburi.

Nilikuwa siwezi kukaa na mtu bila kumtazama koo. Mjomba alikuja kwetu sauti imemkauka, nikamwambia mbele ya wageni kwamba huenda ameota kinyama kwenye nyuzi za sauti, mkewe akaanza kulia, kumbe mjomba alishinda uwanjani jana yake akiizomea timu yake mwenyewe. Wiki iliyofuata nikamwambia wifi yangu, mke wa kaka, kwamba mtoto wao amechelewa kusema, wakakaa na hofu siku tatu, na siku ya nne mtoto akanikazia macho akasema, "Shangazi, nyamaza," maneno mawili yaliyonyooka kama rula, na tangu hapo nyumbani naitwa Profesa wa Ulimi, na nikigusia tu mdomo wa mtu yeyote kaka ananijibu, "Shangazi, nyamaza," na sebule nzima inacheka.

Sasa kuna baba. Baba alikuwa mnadi, miaka thelathini amesimama juu ya meza akinadi makabati na vitanda bila kipaza sauti na watu wa mtaa wa pili wakawa wanapandisha bei. Miezi minne iliyopita alipata kiharusi kidogo, mkono ukarudi, mguu ukarudi, tukashukuru. Lakini nimeona kila akinywa chai anapaliwa, anakohoa mpaka macho yanamtoka machozi, kisha sauti yake inabaki na majimaji kama mtu anayeongea huku anasukutua, na mwezi huu amepata homa mara mbili na kifua kikambana, dukani wakampa dawa ya kikohozi, ikapoa, ikarudi. Hayo yote yako kwenye daftari langu, nimeyapigia mstari kwa mkono wangu, kwamba baada ya kiharusi kinywaji kinaweza kupotea njia kikaingia mapafuni badala ya tumboni. Nikamwambia mama. Mama akasema, "Baba yako anakohoa kwa sababu anaongea na chai mdomoni, na hayo ameyaanza kabla hujazaliwa." Kaka alichosema unakijua.

Ningeshikilia, lakini hapo ndipo penye aibu yangu. Mtihani wa muundo wa mwili nimefeli. Nimepata thelathini na nane, na ya kufaulu ni hamsini. Tuliambiwa tuchore koo, nami nikaiweka njia ya chakula mbele na njia ya hewa nyuma, kinyume kabisa, na mwalimu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Huyu uliyemchora hafiki jioni." Nyumbani nilisema nimefaulu, na baba akawapigia simu wanadi wastaafu wenzake wote, mmoja mmoja, kuwatangazia, na mtihani wa marudio uko wiki tatu zijazo. Na kliniki ya wanaoshindwa kumeza ni moja tu hapa kwetu, na anayeiendesha ni mwalimu yuleyule. Nikimpeleka baba, namjua, hatakaa kitini kabla hajauliza, "Binti yangu anaendeleaje?" Basi nimenyamaza wiki mbili nzima, namwekea chai nusu kikombe na kusali, na najiuliza, mtu aliyekosea njia ya chakula kwenye karatasi ana haki gani ya kumwambia mzazi wake kwamba chai imekosea njia? Nifanyeje, mshauri? Namba yangu ya simu iko nyuma ya bahasha.

Ni mimi,
Profesa wa Ulimi

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu, nilipofika pale kwenye homa mara mbili niliiweka barua mezani nikaigeuza bahasha. Kuna barua zinazoweza kupanga foleni na kuna zisizoweza. Wasomaji wataniwia radhi, safari hii nilipiga simu kwanza.

"Baba yuko wapi sasa hivi?" nilikuuliza.

"Sebuleni, anakunywa chai."

"Mwambie aweke kikombe chini."

"Hatanisikiliza. Watasema Profesa ameanza."

"Basi mpe simu."

Hivyo ndivyo nilivyoongea na mnadi. "Wa gazeti?" akasema. "Mnauza nini?" Nikamwambia siuzi kitu, naomba tu kesho aende akapimwe namna anavyomeza. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda ambao sikuupenda. Alipopata pumzi sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama mshauri, nikuambie kweli? Siku hizi nikiwa peke yangu sinywi hata maji. Naogopa."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Mke wangu anasema naongea sana. Nilitaka kumuuliza binti yangu, lakini humu nyumbani wanamcheka, naye amenyamaza. Nikaona nisimwongezee mzigo, ana masomo."

Umesikia? Wewe umenyamaza kwa kumwogopa yeye, yeye amenyamaza kwa kukuhurumia wewe, na chai inaendelea kuingia mapafuni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nyinyi mlikuwa wawili, kila mtu anaficha kwa upande wake.

Alhamisi mlikwenda, na Ijumaa ukanipigia kunieleza. Mwalimu alimnywesha baba yako kijiko kwa kijiko, vidole viko shingoni mwake, akampiga picha akiwa anameza, na picha ikaonyesha ulichokuwa unakisema: maji yanateleza kwenye njia ya hewa kabla kile kifuniko chake hakijaiziba. Sasa kifua kinatibiwa, chai inatiwa unga maalumu wa kuipa uzito, baba anakaa wima, anainamisha kidevu, anapiga funda dogo, wala haruhusiwi kusema neno mpaka amemeza. Sharti hilo la mwisho mama yako amelipokea kama hukumu ya kesi aliyoifungua siku ya harusi.

Na kweli baba aliuliza, "Binti yangu anaendeleaje?" Mwalimu akamjibu kwamba mwezi huu hajaletewa mgonjwa mwenye maelezo yaliyopangika kama uliyoyaleta wewe, tangu lini, kinywaji gani, mara ngapi. Alama zako hakuzitaja. Mwalimu muungwana huyo, na wewe ulikuwa unamkimbia.

Sasa nikugombeze, maana hukuniandikia nikubembeleze tu. Unauliza una haki gani. Kumwambia mzazi kwamba anapaliwa hakuhitaji cheti, kunahitaji mdomo. Kufeli mtihani hakukukupofusha macho. Wiki mbili ulizokaa kimya zingeweza kukugharimu baba, na bei hiyo hakuna mnadi anayeweza kuishusha. Na kwa mjomba hukukosea kwa kujali, ulikosea kwa kutangaza. Ungemvuta pembeni ukamuuliza jana alikuwa wapi, angekuambia uwanjani, na mkewe asingelia. Kuanzia leo, koo la mtu ambaye hajakuomba usiliguse hata kwa macho. Ukiwa na wasiwasi, uliza kwanza, tena kwa faragha. Wifi yako na mjomba wako wanakudai samahani, ukawape wiki hii.

Kuhusu marudio, acha kukariri ukurasa. Weka kidole chini ya koromeo lako, meza mate, usikilize kinachopanda. Zile pingili ngumu unazozigusa ni njia ya hewa, nayo iko mbele. Ya chakula imejificha nyuma yake, kidole chako hakiifikii. Chora hivyo mara kumi kila asubuhi kabla hujapiga mswaki, halafu mwombe mwalimu ukae kliniki kwake siku mbili kwa wiki. Akikataa, rudi tena.

Nanyi wasomaji wengine, mwenye mzee aliyepata kiharusi, akawa anakohoa kila anywapo, sauti inabaki na majimaji, homa inakwenda na kurudi, ampeleke hospitali. Dawa ya kikohozi ya dukani haimfundishi mtu kumeza.

Limebaki moja. Baba yako alipokuwa ananiaga aliuliza safu hii inatoka lini. Nikamwambia Jumapili. Akasema ataagiza nakala nne, tatu za wanadi wenzake. Ijumaa nilikuuliza kama nichape au nisichape, ukasema nichape, utakuwa umeshamwambia kuhusu zile thelathini na nane. Nimekuamini. Lakini najua watu wanavyoahidi, kwa hiyo kama unaisoma safu hii na bado hujamwambia, acha kusoma, nenda kwake, keti karibu naye, na umwambie kwa mdomo wako.

Ngoja tu amalize kumeza.