Pombe ya Kung'olea Maharage

Jumatatu, 7 Julai
Nimekamua maziwa, nimegeuza kimea cha pombe juani. Maharage yamekauka, wiki hii yasipong'olewa yatapasukia shambani. Emanueli kapiga simu tena kutoka Arusha. Mwaka huu nikishindwa kuvuna, atakodisha shamba na kunihamishia kwake. Mtoto niliyemzaa mwenyewe ananiwekea masharti. Nimemjibu nitavuna.

Alhamisi, 10 Julai
Pombe inachacha vizuri. Nimezunguka kualika. Nyumba nyingi: kikongwe mmoja, vyumba vingine kufuli. Zuhura, muuguzi aliyeletwa kutoka Tanga, kauliza kwa nini nisitafute vibarua. Shikamoo nzuri, swali la kuudhi. Huku jirani halipwi. Unapika pombe, watu wanakuja alfajiri, wanang'oa umande ukiwa bado kwenye maganda ili yasipasuke, ndipo wanakunywa. Nimekasirika mpaka jioni.

Jumamosi, 12 Julai
Aibu. Umande ulikuja, watu hawakuja. Zuhura tu, na yeye ndiye kijana kati yetu, ingawa ana wajukuu. Pombe haigusi, dini yake. Tuling'oa wawili mpaka jua likawaka. Ndipo akafika Mzee Tluway na mkongojo. Elizabeti na goti lake. Gidamuda, jirani Mdatoga, mtu wa ng'ombe, hajawahi kuinamia maharage maishani. Maganda yakapasuka mikononi mwetu, punje zikamwagika chini. Kisha wakanywa, wakaimba nyimbo za kazi. Kazi yenyewe haikufika hata nusu. Kwa muda niliwachukia wote. Nikajichukia na mimi.

Jumatatu, 14 Julai
Alfajiri nimeng'oa peke yangu. Mgongo ukagoma. Zuhura kanikuta nimekaa kwenye tuta, siwezi kuinuka. Kanirudisha ndani, kanichua. Nikamwambia, "Usimwambie Emanueli."
Akasema, "Simwambii, mama. Utamwambia wewe."

Jumapili, 20 Julai
Sikwenda kanisani. Nimempigia Emanueli, aje Jumamosi kunichukua. Hakushangilia, kwa hilo namshukuru.

Mchana nimemwita Gidamuda alete ng'ombe wale kilichobaki shambani. Ng'ombe hao hao, mimi na marehemu mume wangu tulimshtaki kwa mtendaji sijui mara ngapi kwa kuwaingiza humu. Alikuja nao, akasimama mpakani na fimbo yake. Hakuwaingiza. Ilibidi nimwambie mara ya pili.