Watoto Wangu Wanasoma Mgongo wa Ubao

Doña Ofelia, mshauri wetu mpendwa wa gazetini, naomba msaada, na ujue anayeomba si mtu wa kuomba ovyo, mimi ndiye Fremio wa bandari ya Luperón, niliyepika kwenye mashua za matajiri mpaka Bahamas, niliyemchekesha nahodha wa Kiholanzi akaanguka majini, Kiingereza nimekiokota bandarini maana shule niliiacha darasa la sita, ila nikifungua mdomo watalii wanauliza kama nimezaliwa Miami, basi mwalimu wa Kiingereza alipoolewa Hispania, mwalimu mkuu wetu Doña Ramonita alinifuata dukani nikiwa kwenye meza ya dhumna akasema, "Fremio, maneno yako mengi hayo njoo uyamwage darasani," nikaenda, nikawapenda wale watoto kama niliowazaa mwenyewe.

Shida ikaja kwenye vitenzi vikaidi, vile visivyofuata sheria, 'go' ukiipeleka jana inageuka 'went', kama mwanamume aliyehama mji akabadili jina kumkwepa mkewe, watoto wa darasa la nne wakawa wanalia, ndipo akili yangu kubwa ikafanya kazi, nikachukua masanduku ya zile sigara nene, mbao safi za mwerezi, kila kibao nikaandika kitenzi cha leo kushoto na cha jana kulia, nikakikata katikati kwa msumeno, kila kimoja na mkato wake, nikavichanganya, nikawaambia haya, fumbo hilo, kila neno limtafute mwenzake, na baada ya wiki chache walikuwa wanaviunganisha tap tap tap kama mvua juu ya bati, nami nikatamba mji mzima, kwa kinyozi, mlangoni pa kanisa, "Nileteeni profesa yeyote wa Santiago, watoto wangu watamla mzima!"

Kuna binti mmoja darasani, Anyelina, analelewa na bibi yake, mama yake yuko Boston, na huko amezaliwa mdogo wake wa kiume asiyejua hata neno moja la Kihispania, hawajawahi kufanya zaidi ya kupungiana mikono kwenye simu, basi Jumapili Anyelina akapiga akiwa amesuka nywele upya, dogo akamuuliza kwa Kiingereza jana ulifanya nini, na binti wa watu, bibi yake ndiye aliyenisimulia, akaanza kupapasa kitambaa cha meza kwa vidole, anapapasa, anatafuta, hakuna kitu, mpaka dogo akachoka kungoja akaenda zake kucheza, simu ikabaki inaonyesha kiti kitupu.

Kesho yake akaja kwangu. "Ticha, naomba zile mbao niende nazo nyumbani. Bila mbao sijui kitu."

Nikavigeuza vipande vyote kifudifudi, maneno chini, mgongo juu, nikawaambia darasa zima unganisheni, wakaunganisha kwa kasi ileile, Doña, huku wanacheka, "Ticha, hii mbona rahisi, hiki kina fundo, hiki kina mkwaruzo, na hiki kinanukia!" Watoto wa huku wamekulia chini ya meza ya dhumna, wamewaona babu zao wakiijua kete kwa mgongo kabla haijafunuliwa, na mimi ninayejiita bingwa wa meza hiyo nikawapa mbao zenye migongo ya kusomeka. Kiingereza hawajui. Wanajua mwerezi.

Sasa Ijumaa wanakuja wazazi na watu wa elimu wa wilaya, hao ndio watakaoamua kama saa ya Kiingereza ibaki, Doña Ramonita ameshaazima spika, ananiambia, "Lete mbao zako Fremio, tuwafunge midomo." Nikizileta, watapiga makofi na watoto watabaki bubu. Nisipozileta, saa inafutwa na watoto watabaki bubu vilevile. Utani umeniisha, begi nimeshafunga, nina binamu mji wa Higüey. Niende?

Fremio, Luperón

*

Fremio, fungua hilo begi. Huko Higüey utapata meza nyingine na watu wapya wa kutambia, lakini Anyelina atabaki akiamini kwamba mjinga ni yeye.

Habari ya mbao imenichekesha kwanza, kisha ikaniliza. Baba yangu naye hakuwahi kushindwa kwenye meza yenye kete zake mwenyewe. Lakini bwana wee, ulikuwa na nafasi ya kuzunguka kwa kinyozi na kanisani, ukakosa nafasi ya kumuuliza mtoto hata mmoja, "Jana ulikula nini?" Ile tap tap uliipenda kwa sababu masikioni mwako ilikuwa makofi.

Sikufichi, Ijumaa huenda mkaipoteza hiyo saa. Dawa ya hilo sina. Ila usiwatumie watoto kufunika aibu yako.

Leo hii nenda kwa Anyelina, na mbele ya bibi yake umwambie kosa ni lako. Kisha kata vipande vipya vya kadibodi, vyote saizi moja, vyote kutoka boksi moja, asipate mtoto pa kushika isipokuwa neno lenyewe. Anza na vichache: kula, kwenda, kuona. Na sheria ya meza iwe hii: hakuna kubamiza kipande kabla hujasema kwa sauti jambo lako mwenyewe la jana. Aliyekwama anapita zamu, kama watu wazima wanavyopita.

Mwambie Doña Ramonita mapema asije akazimia. Ijumaa shika hiyo spika, zigeuze mbao za mwerezi kifudifudi mbele ya watu wa wilaya, waone walichokuwa wanataka kukipigia makofi. Halafu kila mtoto aseme sentensi moja ya jana yake. Moja tu, hata ikichechemea. Wakiifuta saa, meza ya dukani hawawezi kuifuta. Wafundishe hapo, na wazee wasogee.

Na Anyelina akimpigia tena mdogo wake, usimsimamie kichwani. Mwambie tu aikalie mikono yake.