Bi Zuhura Alivyorudi Cherehani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mwanangu. Huku Ilala tu wazima. Mtoto wa dada yako ameota jino.

Umeniuliza kama kuunganisha kampuni yako na ya mwenzako kutaleta faida. Enzi za Ujamaa, ushirika wetu wa ushonaji pale Kariakoo uliunganishwa na wa Ilala. Kazi iliongezeka, lakini faida ikapungua, maana tulilipia vyumba viwili na viongozi wawili.

Siku moja Bi Zuhura, mwenyekiti wetu, alisimama mkutanoni. “Mwenzangu wa Ilala atuongoze sote. Chumba chetu tukifunge, mimi nirudi kushona.”

Tulikihama tukilia. Mwaka ule tuligawana faida tena, na Bi Zuhura alishona kando yangu akiimba.

Kabla hamjatia saini, ulizaneni nani yuko radhi kuongozwa.

Bibi yako akupendaye.