Saa Uliyoirekebisha Jana

Baba Watoto,

Ukitoka zamu, wali umo sufuriani, upashe tu. Mdogo apewe dawa ya kikohozi kijiko kimoja, si viwili, hata akilia. Ufunguo wa akiba uko kwa jirani fundi cherehani.

Kaka amenipigia nikiwa stendi asubuhi hii. Mama ametutoka. Nimerudi kuchukua nguo za msibani, naondoka na basi la saa nne.

La saa kumi na mbili na nusu, la kuniwahisha kwa Mama mgonjwa, limeniacha. Jana ulibadilisha betri ya saa ya ukutani, ukaiweka sawasawa na redio, wala hukuniambia! Miaka tisa saa hiyo inakwenda mbele dakika ishirini, na kila mtu humu ndani anajua kuzitoa. Leo nikazitoa kama kawaida, nikajiona nina muda. Nikaketi na chai yangu, nikajiongezea kikombe cha pili. Siku nyingi sijanywa chai nimekaa. Stendi nikakuta taa za nyuma tu.

Irudishe mbele leo leo, tafadhali.

Huo mstari wa juu nimeukata. Iache ilivyo.

Mwendo wenyewe ni masaa saba. Hata ningeliwahi, habari ingenikuta barabarani. Na jana jioni basi lilikuwepo, lina viti. Nikasema nilale kwanza kitandani kwangu, nitakwenda asubuhi.

Hilo si kosa la saa.

Mama Watoto